Barua ya Kusitisha Mkataba Si Ushindi

Katikati ya Mei 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufunga mpaka wa Kenya na Tanzania kwa watu wote isipokuwa malori ya mizigo, na madereva wa malori hayo wakatakiwa kupimwa virusi vya korona kabla ya kuvuka. Viongozi wa mikoa ya mpakani upande wa Tanzania wakajibu kwa kuwazuia madereva wa Kenya. Foleni zikarefuka, na mwezi huohuo ikabidi mawaziri wa nchi hizo mbili wakutane Namanga, mji wa mpakani, kutafuta suluhu. Magazeti yaliandika habari za siasa na za afya. Kwenye vitengo vya sheria vya kampuni za usafirishaji, saruji na vyakula, swali lilikuwa jingine. Mzigo umechelewa, mnunuzi ameshakata faini kwenye ankara, mwenye lori anadai malipo ya siku alizosubiri, na kila mmoja anasema kosa si lake. Nani abebe hasara?

Mtu wa kwanza kuulizwa swali hilo si jaji wala wakili wa kukodiwa. Ni mwanasheria wa kampuni, mwajiriwa anayekaa ghorofa moja na mhasibu na meneja wa manunuzi, ambaye ushauri wake wa siku mbili tatu za mwanzo huamua kama mgogoro utamalizika mezani au utalala mahakamani kwa miaka. Wakubwa wake humuuliza: tunaweza kujitoa kwenye mkataba huu? Naamini swali hilo, hata likijibiwa kwa ustadi, ni swali baya la kuanzia. Linalostahili kuulizwa wakati wa janga ni jinsi ya kuuweka mkataba hai mpaka janga lipite, na jinsi ya kugawana hasara ambayo hakuna aliyeisababisha.

Sheria yenyewe inaunga mkono ushauri huo kuliko wafanyabiashara wanavyodhani. Tanzania ina kifungu cha 56 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kilichorithiwa kutoka sheria ya India ya mwaka 1872: ahadi ya kufanya jambo ambalo baadaye limekuwa haliwezekani, au limekuwa haramu, inabatilika. Kenya inafuata misingi ya sheria ya mahakama za Uingereza, ambako chimbuko ni kesi ya mwaka 1863 ya ukumbi wa muziki wa London ulioteketea kwa moto kabla ya siku za onyesho. Ukiisoma kesi hiyo peke yake unaweza kuamini kwamba janga lolote linamfungua mtu. Ndivyo wengi walivyoamini mwaka 2020.

Kesi inayotugusa zaidi ilitokea jirani yetu. Oktoba 1956, wafanyabiashara waliuza tani 300 za karanga za Sudan, zipakiwe melini Novemba au Desemba na kupelekwa Hamburg. Tarehe 2 Novemba Mfereji wa Suez ukafungwa kwa sababu ya vita. Njia pekee iliyobaki ilikuwa kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ndefu maradufu na zaidi, na nauli ya meli ikapanda kutoka takriban pauni 7 na nusu hadi pauni 15 kwa tani. Wauzaji hawakupakia. Walisema mkataba umekufa pamoja na mfereji. Shauri likapanda hadi mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, na mwaka 1961 wakashindwa: karanga haziozi haraka, bahari bado ipo, meli bado zinasafiri. Kuongezeka kwa gharama, hata kwa maradufu, hakukuufanya mkataba usiwezekane. Mwanasheria yeyote wa kampuni ya mizigo Mombasa au Dar es Salaam angepaswa kuiweka kesi hiyo mezani kwa mkurugenzi wake wiki ya kwanza ya foleni za Namanga. Lori linalosubiri majibu ya vipimo ni lori lililochelewa. Halijazuiwa milele.

Ndiyo maana mikataba mingi ina kifungu chake chenyewe cha majanga yasiyozuilika, ambacho huweza kumsamehe mtu hata pale sheria ya jumla isipomsamehe. Lakini kifungu hicho husomwa neno kwa neno. Hapa ndipo Tanzania ilipokuwa tofauti na majirani zake. Kenya ilitoa amri ya kutotoka nje usiku kuanzia Machi 27, 2020, na Aprili ikafunga safari za kuingia na kutoka eneo la Nairobi. Tanzania ilifunga shule, ikasimamisha ndege za kimataifa kuanzia Aprili 12, na Mei 18 ikazifungulia tena anga. Haikuamuru maduka na viwanda kwa jumla vifungwe. Kampuni ya hoteli ya Arusha yenye mkataba unaotaja “amri ya serikali” kama sababu ya kusamehewa ilikuwa na amri gani ya kuonyesha? Mgeni wa hoteli yake alishindwa kuja kwa sababu ya amri ya serikali nyingine, na mkataba haukusema serikali ipi. Ugonjwa ulikuwa mmoja na maneno ya mkataba yaleyale, ila haki za pande mbili za mpaka zilitofautiana kabisa. Wala haitoshi kuwa na sababu. Mingi ya mikataba hii hudai notisi ya maandishi ndani ya siku chache, uthibitisho wa jinsi janga lilivyozuia wajibu huu hasa na si biashara kwa jumla, na juhudi za kupunguza hasara. Mwanasheria aliyekuwa hana nakala za mikataba nyumbani, kwa kuwa zote zimefungiwa kwenye kabati la ofisi iliyofungwa, alipitwa na siku hizo kabla hajaanza kazi.

Kesi iliyonifundisha zaidi kuhusu kazi hii ni ya Marekani. Septemba 2019 kampuni iliyomilikiwa na kampuni ya bima ya Anbang ya China ilikubali kuziuzia kampuni za Mirae za Korea Kusini hoteli 15 za kifahari kwa dola bilioni 5.8. Makabidhiano yalikuwa yafanyike Aprili 2020. Janga likaingia katikati. Muuzaji akafunga hoteli mbili kabisa, akapunguza wafanyakazi na huduma kwenye nyingine, kama kila mwenye hoteli mwenye akili alivyofanya. Mnunuzi akakataa kununua. Novemba 30, 2020 mahakama ya Delaware ikaamua kwamba janga lenyewe halikumpa mnunuzi haki ya kujitoa, kwa sababu mkataba uliweka majanga ya namna hiyo upande wake. Kilichompa haki hiyo ni kwamba muuzaji alikuwa ameahidi kuendesha hoteli kama kawaida mpaka siku ya makabidhiano, na akabadilisha uendeshaji bila kuomba ridhaa. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikauthibitisha uamuzi huo.

Fikiria hilo. Muuzaji alifanya jambo la busara na la kulinda afya za watu, na bado alivunja mkataba, kwa kukosa barua moja ya kuomba idhini ambayo mnunuzi hakuwa na haki ya kuinyima bila sababu ya msingi. Biashara ya mabilioni ikaanguka kwa ukimya. Mwanasheria wa ndani ndiye mtu pekee katika kampuni anayejua kwamba uamuzi wa meneja wa uendeshaji wa kupunguza zamu ni pia tendo la kisheria chini ya mkataba wa mkopo, wa pango au wa mauzo. Asipoketi kwenye kikao cha dharura, hakuna mwingine atakayekumbuka.

Kwenye pango mahakama hazikwenda njia moja. Chicago, Juni 2020, jaji alisoma kifungu cha mkataba wa mgahawa uliokatazwa kuhudumia wateja ndani, akaona jiko lingeweza bado kupika chakula cha kubeba, akaamuru mpangaji alipe asilimia 25 ya kodi. London, Aprili 2021, wapangaji wa biashara, miongoni mwao kampuni ya majumba ya sinema, waliambiwa walipe yote. Tofauti ilikuwa kwenye karatasi walizosaini miaka mingi kabla ya ugonjwa kuwa na jina. Bima nayo ilikuwa hivyohivyo: Januari 15, 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliwapa wafanyabiashara wengi ushindi dhidi ya kampuni za bima, lakini kwa wale tu ambao sera zao zilikuwa na maneno ya ugonjwa au ya kuzuiwa kuingia kwenye jengo.

Sasa mahakama zetu. Machi 16, 2020 Kenya ilipunguza shughuli za mahakama karibu nchi nzima, na Julai 1 uwasilishaji wa nyaraka kwa mtandao ukaanza Nairobi. Tanzania ilikuwa na kanuni za kuwasilisha nyaraka kielektroniki tangu 2018. Mageuzi hayo ni mazuri na nayapongeza kwa moyo. Lakini mdai anayehitaji fedha mwezi huu ili alipe mishahara hasaidiwi na kesi inayosikilizwa kwa video badala ya ukumbini, ikiwa hukumu itakuja baada ya miaka mitatu. Upatanishi chini ya usimamizi wa mahakama, ambao katika mahakama za Milimani, Nairobi, ulianza kwa majaribio mwaka 2016, ndio uliostahili kupewa nguvu kwanza. Na muda haukusimama: katika nchi zote mbili dai la mkataba lina ukomo wa miaka sita, kwa hiyo ukomo wa dai lililozaliwa Machi 2020 ni Machi 2026, isipokuwa, kwa mfano, mdaiwa awe amekiri deni kwa maandishi na kusaini.

Nimezungumza kana kwamba kila upande una mwanasheria. Hauna. Mama anayepeleka mboga hotelini, fundi mwenye oda ya maandishi (LPO) ya kushona sare za shule, kijana mwenye lori moja la mkopo, hawa wanapokea barua ya kusitisha mkataba iliyoandikwa na mtu aliyesomea kazi hiyo, na wanaamini kila neno lake. Dunia iliona jambo hili kwa ukubwa wake Bangladesh mwanzoni mwa 2020, kampuni za mavazi za Ulaya na Marekani zilipofuta au kusimamisha oda ambazo wenye viwanda walizikadiria kuwa zaidi ya dola bilioni 3. Baadhi ya nguo zilikuwa zimeshashonwa. Vifungu vya majanga yasiyozuilika vilitajwa kwenye barua, ingawa aliyekwama kuuza ni mnunuzi na anayetakiwa kulipa ni yeye huyohuyo, na kulipa hakukuwa kumeshindikana. Kampuni ya H&M ilitangaza mwishoni mwa Machi kwamba ingelipia nguo zilizokwisha kutengenezwa na zilizokuwa zikitengenezwa. Nyingine zilifuata baadaye, baada ya kelele za umma. Ushauri mzuri ungeweza kutolewa tangu mwanzo na mwanasheria wa ndani, na usingekuwa wa hisani: mgavi aliyefilisika hatakuwepo msimu ujao.

Kwa sababu hiyo siamini kwamba jambo hili liachwe kwa busara ya kampuni moja moja. Singapore ilipitisha sheria ya muda tarehe 7 Aprili 2020. Kwa mikataba ya aina zilizotajwa, kama pango la biashara, ujenzi, hafla na utalii, aliyeshindwa kutimiza wajibu kwa sababu ya janga alipeleka notisi, na upande wa pili ukazuiwa kwa kipindi hicho kufungua kesi, kukamata mali au kuita dhamana. Deni halikufutwa. Penye ubishi, mtathmini aliyeteuliwa aliamua, kwa kawaida bila mawakili, na uamuzi wake haukukatiwa rufaa. Kenya nayo ilikuwa na muswada Seneti mwaka huohuo wenye nia inayokaribiana na hiyo, lakini haukufika kuwa sheria.

Wapo wanaopinga, na hoja yao ina uzito. Ukimzuia mdai asidai, umehamishia hasara kwake, na mdai huyo anaweza kuwa mjane anayeishi kwa kodi ya fremu mbili za maduka Kariakoo. Benki ikijua mikataba inaweza kusimamishwa na Bunge, itaongeza riba kwa kila mtu. Nakubali yote mawili. Jibu langu ni kwamba bila sheria hasara haiondoki. Inamwangukia asiye na mwanasheria, na inamwangukia kimyakimya. Sheria fupi yenye tarehe ya mwisho, inayompa mtathmini nguvu ya kuangalia hali ya mdai kabla ya kumzuia, ingemlinda mjane huyo kuliko soko linavyomlinda sasa. Na iandikwe wakati wa utulivu. Bunge linaloandika sheria za mikataba huku hospitali zimejaa litaandika haraka na vibaya.

Utulivu wenyewe si mrefu. Ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa Kagera Machi 2023, ukatokea Rwanda Septemba 2024, ukarudi Kagera, wilaya ya Biharamulo, Januari 2025. Mikataba iliyofanyiwa marekebisho baada ya 2020 kwa kuongeza neno “UVIKO-19” peke yake haimsaidii mnunuzi wa kahawa wa Bukoba barabara itakapowekewa kizuizi kwa ugonjwa mwingine. Kifungu kitaje mlipuko wowote wa ugonjwa uliotangazwa na mamlaka ya afya ya nchi yoyote ambayo mzigo unapita. Kitoe siku 14 za kutuma notisi, hata kwa barua pepe au WhatsApp. Kilazimishe pande mbili kukutana kabla ya yeyote kusitisha, na kiseme waziwazi kwamba kazi iliyokwisha kufanywa italipwa.