Kwa Mkurugenzi wa Mafia: Juu ya Kuzipanga Shule Zetu Daraja

Kwa Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya ya Mafia.

Nakuandikia mbele ya kadamnasi wala si kwa faragha, kwa kuwa jambo ninalolileta kwako halimhusu mzazi mmoja wala shule moja, bali ni juu ya namna sisi sote, katika wilaya hii ndogo iliyozungukwa na bahari, tunavyozitazama shule zetu za msingi na kuhukumu kwamba hii ni njema na ile ni dhaifu.

Kila yatokapo matokeo ya darasa la saba, watu wa Kilindoni, wa Kirongwe na wa Utende huulizana: shule yetu imekuwa ya ngapi? Sililaumu swali hilo, maana mzazi ana haki ya kujua. Ila mazoea yake yalishika mizizi tangu mpango wa Matokeo Makubwa Sasa wa mwaka 2013, pale kurasa za matokeo za Baraza la Mitihani zilipokuwa zikionyesha wastani wa kila shule pamoja na nafasi yake kiwilaya. Na ingawa Januari 2023 Baraza lilitangaza kuacha kuzitaja shule bora na watahiniwa bora, orodha ile bado tunaiandika vichwani mwetu.

Hata orodha hizo zilipokuwa zikitangazwa palikuwa na insafu kidogo, kwa kuwa shule zenye watahiniwa 40 au zaidi zilitengwa na zile zenye pungufu ya hapo. Lakini insafu hiyo haikutosha. Chukua shule yenye watahiniwa 12: wakitokea wawili tu ambao wameuguliwa mwaka mzima, au ambao wamekuwa wakishinda baharini na baba zao, wastani wa shule huporomoka, ilhali katika shule yenye watahiniwa 120 wawili hao wasingetambulikana kabisa, na hivyo shule ndogo yaweza kusifiwa mwaka huu na kutahayarishwa mwaka ujao, bila ya walimu wake kuzidisha wala kupunguza lolote katika kazi yao.

Sasa itazame Mafia yenyewe. Sisi tunahesabiwa kuwa wilaya moja, lakini mwalimu anayepangiwa Kilindoni huishi penye soko, hospitali na bandari, na mwenziwe anayepangiwa Chole, Juani au Jibondo kila haja yake huanzia pwani, akingoja chombo. Na Jibondo ni kisiwa ambacho kwa miaka mingi maji matamu yalivushwa kwa mashua kutoka kisiwa kikubwa. Fauka ya hayo, ruzuku ya uendeshaji iliyokuja na elimu bila ada tangu mwaka 2016 imepangwa kwa hesabu ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, tena sehemu yake hubakizwa kwa ajili ya vitabu. Basi shule yenye watoto wachache hupata kichache, ingawa paa lake huvuja sawasawa na paa la shule kubwa. Hakuna nahodha mwadilifu atakayewahukumu manahodha wawili kwa saa waliyotia nanga, asiulize nani alikwenda na upepo na nani alipambana na kusi.

Lakini linalonitia hofu kubwa zaidi ni jingine. Wataalamu Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin waliichunguza taathira ya orodha zile nchini mwetu, wakakuta kwamba shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao ziliinua ufaulu, na hilo ni jema lisilofaa kufichwa. Ila walikuta pia kwamba katika shule hizo hizo idadi ya watoto waliofikishwa kwenye mtihani ilipungua. Ndugu Mkurugenzi, tafakari maana yake: mtoto aliye mzito wa kusoma, ambaye kwa ajili yake hasa shule ya umma ilijengwa, anageuka kuwa mzigo katika wastani, na kutokuwapo kwake siku ya mtihani kunaipandisha shule daraja. Mizani inayomlipa mtu kwa kumpoteza mtoto haifai kupimia shule yoyote, kubwa wala ndogo.

Kwa hiyo sikuombi ufiche matokeo. Naomba kwamba kila ofisi yako itakapoziweka shule zetu bega kwa bega, pembeni mwa wastani iandikwe idadi ya watoto walioandikishwa darasa la kwanza pamoja na rika la watahiniwa, idadi ya waliohama kwa barua, na ya waliotoweka pasipo habari. Iandikwe idadi ya walimu waliopo kazini, si ya walio kwenye ikama tu. Tena matokeo ya miaka mitatu yajumlishwe kwa shule ndogo, ili bahati ya mwaka mmoja isimdhulumu mwalimu. Na maadam kila mwanafunzi anayo namba yake katika PReM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, si muhali kulinganisha alama zake za upimaji wa darasa la nne na zile za kumalizia, tukajua shule ilimkuta wapi na imemfikisha wapi.

Shauri hili halingoji. Mwaka 2027 darasa la sita na la saba wanatarajiwa kumaliza pamoja kwa mujibu wa mtaala mpya, na kulinganisha miaka kutakuwa kugumu kuliko sasa. Afadhali daftari lifunguliwe mapema. Orodha ya kwanza ya namna hiyo isomwe kwenye mikutano ya vijiji, visiwani kwanza, kabla ya maombi ya walimu na ya nyumba zao kupelekwa Dodoma, ili wazazi waone ni shule ipi imetajwa kuwa na upungufu na ni ipi imeombewa mwalimu.

Wako mtiifu,
Mzazi mmojawapo, Mafia.