Steringi Hafi, Lakini Nani Atalipa Nyanya?

Wasee wangu, Nakuru ni jiji tangu tarehe 1 Desemba 2021. Hati tulipewa, hotuba zikasomwa, ngoma zikapigwa. Kitu ambacho hakuna mheshimiwa alituambia siku hiyo ni kwamba sasa tumefuzu kubomolewa. Angalia muvi yoyote ya masupahiro utaona kazi ya jiji ni gani: linasimama vizuri karibu saa mbili, halafu dakika ishirini za mwisho linaangushwa ghorofa moja baada ya nyingine. Sisi hapa Rhonda hata ghorofa si nyingi. Itabidi jamaa arushwe kwenye mabati.

Nacheka, lakini leo si mchezo. Natengeneza video fupi za kuchambua muvi, na swali ninaloulizwa sana ni lile lile tulilokuwa tunauliza tukiwa watoto: "Steringi ni nani?" Ukishamjua steringi, umeshaijua muvi. Maoni yangu ni kwamba hilo swali limetuzoesha vibaya, na ubaya wake hauishii kwenye skrini.

Tuanze na kibanda, kwa sababu ndicho kilichonisomesha kabla ya chuo, na chuo chenyewe sikumaliza. Kwa wale hamkulelewa na kibanda cha video: ni chumba cha mabati, mabenchi ya mbao, pazia jeusi mlangoni, TV moja, na shilingi kumi kwa mwenye kibanda. Muvi inakuja ikiwa imesimuliwa. Kwetu Kenya mfalme wa hiyo kazi ni DJ Afro. Anachukua muvi ya Kichina, ya Kihindi au ya Marekani, anaisimulia kwa Kiswahili na Sheng, anawatania wahusika mpaka unasahau ilitoka wapi. Tanzania walikuwa na Lufufu. Uganda wana VJ Jingo na wenzake, na huko kazi inaitwa uvijei. Nchi tatu, kazi moja.

Na sheria moja pia: steringi hafi. Hatukufundishwa na mtu, tuliikuta. Steringi anaweza kuanguka kutoka kwenye ndege, kupigwa risasi kumi, kufungwa kwenye gari linalowaka. Atatoka. Kidonda chake kinapona kabla ya sini inayofuata. Watoto wanabishana, "Huyu amekwisha," na mkubwa mmoja nyuma anawatuliza: "Tulieni, steringi hafi."

Sasa sikiliza vile tulikuwa tunamaliza ubishi ikitokea ameuawa kweli. Hakuna aliyesema sheria ni ya uongo. Tulisema: "Basi huyo hakuwa steringi." Tulitafuta mwingine, muvi ikaendelea. Yaani hiyo sheria haiwezi kushindwa. Igeuze uone inasema nini upande wa pili: aliyekufa hakuwa muhimu. Kama angekuwa muhimu, hangekufa.

Weka hiyo akilini halafu angalia vile muvi kubwa za Marekani zinafanya na watu wetu.

Batman v Superman ya 2016 ina sehemu inaletwa na maandishi "Nairomi, Africa". Si Nairobi. Nairomi. Ni jangwa, wanamgambo, na bunduki. Lois Lane, mwandishi wa habari, ameenda kumhoji mkubwa wa hao wanamgambo, mambo yanaharibika, watu wanauawa. Superman anashuka kutoka mbinguni kumwokoa Lois. Mtu mmoja. Sina ubaya na mtu kumwokoa mpenzi wake, lakini wenyeji wa Nairomi walikuwa hapo hapo.

Mwaka uliotangulia, kwenye Avengers: Age of Ultron, Hulk anachanganyikiwa ndani ya Johannesburg, na Iron Man anaingia kwenye lile vazi lake kubwa kumzuia. Wanapigana mitaani, magari yanaruka kama maganda ya njugu. Kuna hata utani pale: Tony Stark anaiuliza mitambo yake jengo lililo mbele yao linaweza kununuliwa haraka kiasi gani, halafu anamwangusha Hulk ndani yake. Wakimaliza, kikosi kizima kinaenda kujificha kwenye shamba la mwenzao, mahali pa nyasi na utulivu. Johannesburg inabaki na vumbi lake. Tajiri ana pesa za ghorofa. Mwenye kibanda cha chipsi kilichokuwa chini ya hiyo ghorofa hakuulizwa hata jina.

Nitakuwa mkweli: Hollywood wenyewe waliligundua hili shimo. Man of Steel ya 2013 ilivunja Metropolis mpaka watazamaji wakalalamika. Halafu Captain America: Civil War ya 2016 inatupeleka Lagos mapema. Kikosi kinafukuza magaidi sokoni, bomu linalipuka, Wanda analirusha juu ili lisiue watu chini, linagonga jengo lenye watu. Halafu dunia inadai masupahiro wawekewe sheria. Mama mmoja Mmarekani anampa Tony Stark picha ya mwanawe aliyekufa kwenye vita vya muvi iliyotangulia. Hiyo sini ni nzuri, mimi huirudia.

Lakini angalia walivyohesabu Lagos. Taarifa ya habari ndani ya muvi inawataja Wawakanda 11 waliokufa. Wakanda ni nchi ya kubuniwa. Lagos iko, unaweza kupanda ndege leo ukafika. Na mpaka muvi inaisha hatumjui Mnaijeria hata mmoja aliyekufa pale kwa jina lake.

Mtaniambia, "Na Black Panther je?" Naipenda. Ilitoka 2018, Lupita Nyong'o wetu yuko ndani, steringi ni Mwafrika, na hakuna mzungu anayekuja kutuokoa. Lakini mwisho wake Wawakanda wanapigana wenyewe kwa wenyewe uwanjani, ndugu kwa ndugu, mpaka W'Kabi anapiga goti mbele ya Okoye. Vita vinakwisha, na baada ya muda mfupi tuko mjini, mfalme na mpenzi wake wanatabasamu. Matanga yako wapi? Kwetu watu wakiuana hivyo, kijiji hakilali mwezi mzima. Kuna turubai, kuna sufuria kubwa ya chai, kuna daftari la mchango, kuna wazee wa pande mbili hawasalimiani. Wakanda wana madini ya ajabu lakini hawana turubai la matanga.

Walilipata 2022, na sote tunajua kwa nini. Chadwick Boseman alifariki kweli, Agosti 2020, kwa saratani. Black Panther: Wakanda Forever ikabidi ianze na kifo cha T'Challa na mazishi yake: watu wamevaa nyeupe, jeneza linabebwa, wanacheza wakilia. Steringi amekufa na hakuna wa kusema basi hakuwa steringi. Kwa maoni yangu, hizo dakika ndizo za kweli kuliko zote kwenye muvi zote za hao masupahiro, na zilikuja kwa sababu maisha yaliwanyima nafasi ya kuficha.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu najua mmoja wenu ashaanza kusema, "Buda, ni muvi tu."

Mwaka huu nilitaka kutengeneza filamu fupi ya supahiro wa Rhonda. Simu moja, vijana sita, shuka moja la kufanya joho. Kila mtu alitaka kuwa steringi. Wawili walikubali kuwa adui kwa sababu adui ana maneno mazuri. Hakuna, hata mmoja, alitaka kuwa mtu wa nyuma, yule anayekimbia akiangalia juu. Tukapanga steringi amfukuze adui katikati ya vibanda vya mboga, kwa sababu muvi bila meza ya matunda kumwagika si muvi. Hiyo ni sheria ya zamani mpaka mhakiki wa Marekani, marehemu Roger Ebert, aliiweka kwenye orodha yake ya vichekesho: kukiwa na mbio za magari kwenye nchi ya watu wengine, jua mkokoteni wa matunda utapinduliwa na mwenyewe atatoka kutikisa ngumi.

Nikaenda kumwomba ruhusa mama mmoja anayeuza nyanya. Nilimwamkia, nikamweleza vizuri, nikamwambia ni ya kuigiza. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Kijana wangu, huyo mtu wenu mwenye nguvu, akishamwaga nyanya zangu, ni nani atazilipa?"

Nikamwambia tutatumia nyanya zilizooza. Akasema, "Sijauliza hizo za kuigiza. Nimeuliza kwenye hadithi."

Hakuna kitabu cha filamu nimewahi kusoma kiliniuliza swali zuri kama hilo. Kwenye hadithi, nani analipa? Kwa sababu mama huyo anajua kreti moja ya nyanya ni nini. Ni deni la jana na karo ya kesho.

Na si nyanya tu. Juni 2024 vijana wa nchi hii walitoka barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, na Nakuru pia tulitoka. Nakumbuka vile tulikuwa tunaongea zile siku. Kila mtu alikuwa steringi. Simu juu, bendera mgongoni kama joho. Ilikuwa inapendeza, siwezi kukataa, na mswada ulirudishwa. Lakini Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu waliokufa kuanzia Juni mwaka huo, na idadi haikupungua watu 60. Jamaa yangu mmoja wa mtaa alirudi na mguu umefungwa. Kwenye muvi angekunja uso mara moja, apasue kitambaa, afunge, aendelee kukimbia. Yeye ni mtu wa kubeba mizigo sokoni, na miezi mitatu hakubeba hata gunia. Mchango wa dawa ulipitishwa na boda boda wa stage yao, mia kwa hamsini.

Kitu kilichoniuma zaidi ni vile watu walianza kuongea baadaye. Kijana ameuawa, na swali la kwanza mtandaoni ni: "Alikuwa anafanya nini pale?" "Alikuwa mwizi?" "Alikuwa mbele au nyuma?" Nilisikia kibanda. Nilisikia mtu nyuma ya chumba akisema basi huyo hakuwa steringi, tutafute mwingine, muvi iendelee. Na mwingine hupatikana, na muvi huendelea. Ndiyo maana nasema hii sheria si mchezo. Nchi inayoamini aliye muhimu hafi, ikikuona umekufa itaamua hukuwa muhimu.

Kwani lazima hadithi iwe hivyo? Hapana, na ushahidi uko karibu kuliko Hollywood. Wakaliga, mtaa wa Kampala, Nabwana I.G.G. alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010. Helikopta, risasi, Kampala inalipuliwa, na vijei anapiga kelele juu yake mpaka mbavu zinauma. Lakini Kapteni Alex anauawa mapema, na mpaka mwisho hatumjui aliyemuua. Jina lake linabaki juu ya muvi kama swali ambalo halijajibiwa. Ni kichekesho, lakini hakuna anayemsahau.

Halafu kuna yetu: Supa Modo, 2018, ya Likarion Wainaina. Jo ana miaka tisa, anapenda muvi za mapigano, na ni mgonjwa wa kutopona. Dada yake anaanza kumwaminisha ana nguvu za ajabu, na kijiji kizima kinaingia kwenye huo mpango. Kwenye mechi ya mpira Jo anasimamisha wakati, na uwanja mzima unaganda kama sanamu. Baadaye wanakijiji wanaamua kutengeneza filamu yake yeye mwenyewe akiwa supahiro. Jo anafariki. Steringi anakufa, mtoto wa miaka tisa, na hakuna muujiza.

Angalia wale watu wa nyuma lakini. Kwenye ule uwanja, kazi yao ni kusimama tu. Hakuna anayekimbia akiangalia juu. Wanaganda kwa sababu wanampenda mtoto wa jirani. Nguvu ya Jo ni wao. Ukiwatoa, Jo ni mtoto amenyoosha mkono hewani.

Hiyo ndiyo sheria ninayotaka tuandike sisi, tunaotengeneza video kwa simu na bando la kuungaunga. Tusiache mapigano, mimi napenda mapigano. Lakini mtu akifa kwenye hadithi yako, mpe jina na mpe matanga, hata kama ni dakika moja ya turubai na chai. Steringi akiumia, mwache achechemee mpaka mwisho. Na meza ikipinduliwa, kamera irudi pale kabla ya muvi kuisha, tuone ni nani ameinama kuokota.

Filamu yetu ya Rhonda bado hatujamaliza. Tumeongeza sini moja: baada ya kumshika adui, steringi anarudi sokoni na joho lake limechanika, anaulizwa bei ya kreti, na hana. Hapo sasa vijana wote sita wanagombania kuwa mama wa nyanya, kwa sababu ndiye mwenye maneno.