Staa Kapewa Kahawa na Tende, Fundi Cherehani Kaambiwa "Njoo Jumatatu"

Wiki hii klipu ya staa mmoja wa filamu imezunguka kila kona. Dada katulia kwenye ofisi ya meneja wa benki moja ya Kiislamu hapa Dar, mtandio wa bei mbaya, kahawa mezani, tende kwenye sahani, anasema huduma ni moto wa kuotea mbali. Watu wakamwaga makopakopa.

Sawa. Ila chini kwenye benchi la tawi hilohilo alikuwepo dada mwingine, hana wafuasi, hana kamera. Ni fundi cherehani, anataka mashine mbili za ovaloki. Kafuata benki hiyo kwa sababu moja tu: anaogopa riba.

Kwa wasiojua, pale hupewi pesa mkononi. Kwenye murabaha, benki inanunua mashine yenyewe, inaimiliki kwanza, halafu inakuuzia kwa bei yenye faida iliyotajwa wazi, unalipa kidogo kidogo. Bei mkishakubaliana haipandi hata ukichelewa. Kitu kizuri kabisa.

Sasa sikia. Profoma ya duka la Kariakoo inaishi siku chache tu. Dada kapeleka yake Jumatano, kaambiwa njoo Jumatatu. Jumatatu afisa husika yuko semina. Alhamisi profoma imekufa, bei imepanda, karatasi zinaanza upya. Kauliza murabaha inatofautianaje na mkopo, mhudumu hata macho hajainua: "Ni kama mkopo tu, ila wetu halali." Simu ya kumjulisha imefika wapi? Hakuna aliyepiga.

Wiki ya nne dada kachoka. Oda ya sare za harusi inamsubiri. Kaingia uchochoroni kwa wale wa kausha damu, jioni hiyohiyo kapewa hela, na sasa anarejesha kila siku iendayo kwa Mungu. Yaani mtu aliyekimbia riba kaishia mdomoni mwa riba mbaya kuliko zote. Aliyemsukuma huko ni nani?

Wapo watakaosema murabaha ina hatua nyingi. Kweli, na hazitakiwi kurukwa, maana zikirukwa inabaki mkopo uliovalishwa kanzu. Lakini kumpigia mteja simu si hatua ya sharia, ni adabu. Kumwambia siku ya kwanza "hii itachukua wiki tatu, lete hiki na hiki" hakuhitaji shehe wala mwanasheria. Aya ndefu kuliko zote kwenye Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni vizuri ili pasiwe na shaka. Benki inayojiita ya Kiislamu inashindwaje kumuelewesha mteja karatasi anayosaini?

Na kisingizio cha "bado wageni" kimechacha. Benki kamili za Kiislamu zipo Kenya tangu 2008 na Tanzania tangu 2011. Siku hizi hata benki za kawaida zina madirisha ya Kiislamu, na asiye Muislamu naye anafungua akaunti freshi tu. Mteja ana pa kwenda. Akiondoka na hasira hasemi "tawi lile bovu", anasema "hizi za Kiislamu ni walewale". Jina linalochafuka hapo si la meneja peke yake.

Staa hana kosa, kalipwa kasema. Ila safari ijayo avue miwani, achukue namba kama wenzake, akae benchini bila kamera. Kahawa ikimfikia pale, na fundi wa pembeni yake akapata jibu la kueleweka, hapo tangazo litakuwa la kweli.

Wewe ushawahi kukaa lile benchi? Ulitoka na nini?