Mfalme Mwema Si Katiba



Hivi majuzi vijana wa kanisa moja pale Sena, kisiwani Mfangano, walitualika kutazama filamu ya Black Panther. Shuka jeupe lilitundikwa ukutani, jenereta ikanguruma nje, na ukumbi ukajaa wavuvi, walimu, watoto na akina mama wachuuzi wa omena. Mfalme T'Challa alipoibuka hai baada ya kudhaniwa amekufa, watu walilipuka kwa shangwe. Nasi tulishangilia. Lakini viti vilipokuwa vikipangwa, mzee mmoja wa kanisa alituuliza: "Wakili, huyu mfalme alichaguliwa na nani?"

Swali hilo halituachi.

Filamu hii si ngeni kwetu watu wa ziwani. Ilipozinduliwa mjini Kisumu mwezi Februari 2018, wengi walijivunia Lupita Nyong'o, binti wa Profesa Peter Anyang' Nyong'o. Lupita alizaliwa Mexico mwaka 1983, wazazi wake wakiwa uhamishoni, mwaka mmoja tu baada ya Bunge kuifanya Kenya kisheria kuwa nchi ya chama kimoja. Mhusika T'Challa naye alibuniwa na Stan Lee na Jack Kirby katika kitabu cha katuni cha mwaka 1966, mwaka mmoja baada ya Marekani kupitisha sheria ya kulinda kura ya watu weusi. Ajabu ni kwamba katika Wakanda, nchi ya fahari ya watu weusi, raia hana kura.

Kiti hupatikana kwa damu ya kifalme au kwa pigano kwenye maporomoko ya maji. Killmonger anaposhinda, wazee wa baraza wanakaa kimya. Anaamuru shamba la mimea mitakatifu litiwe moto, ili asije mwingine akapata nguvu kama zake. Anaamuru silaha zipelekwe ng'ambo kuanzisha vita. Hakuna bunge la kumhoji wala mahakama ya kumzuia. Jenerali Okoye, mwanamke shujaa, anabaki kwa sababu kiapo chake ni kwa kiti cha enzi, yeyote akikaliaye. Nakia, anayeigizwa na Lupita, anachagua kuiokoa nchi yake. Filamu inaisha vyema kwa sababu mfalme mwema amerudi. Je, asingerudi?

Sisi Wakenya tumewahi kuishi katika nchi ambayo wokovu wake ulitegemea moyo wa mtu mmoja. Mwaka 1988 tulipangwa foleni ya mlolongo, na aliyetangazwa kupata zaidi ya asilimia 70 alipita moja kwa moja bila kura ya siri. Palikuwa na mahali ambapo mstari mfupi ulitangazwa kuwa mrefu, mchana kweupe. Jarida la Beyond la Baraza la Makanisa lilipoyaandika hayo, lilipigwa marufuku mwaka uo huo. Maaskofu Henry Okullu na Alexander Muge hawakunyamaza. Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, hakikufutwa kwa hisani ya mfalme. Kilifutwa kwa sababu watu walikataa kuwa akina Okoye.

Wana wa Israeli walipodai mfalme, Samweli aliwaonya kwamba atawatwaa wana wao, mashamba yao na zaka ya mazao yao. Hawakusikia. Sisi tuna Katiba ya mwaka 2010, ambayo ibara yake ya kwanza kabisa inasema mamlaka yote ni ya wananchi. Hata hivyo, kila uchaguzi unapokaribia tunaulizana ni nani "mtu wetu" atakayetuokoa. Tunatafuta T'Challa, kisha tunalia tukimpata Killmonger.

Tuanzie nyumbani. Kanuni za mwaka 2007 ziliwapa wavuvi wa fuo zetu haki ya kuchagua kamati za kusimamia ufuo. Mwenye mtumbwi, mvuvi anayeajiriwa na mama mchuuzi wa samaki wote wana sauti humo. Ni wangapi kati yetu huhudhuria mkutano na kudai hesabu ya fedha zilizokusanywa? Asiyethubutu kumhoji mwenyekiti wa ufuo atamhojije Rais? Na kanisa linalomwachia mhazini mmoja daftari lote litamkemeaje waziri?

Filamu tuitazame, watoto wetu wajivunie. Lakini wakitoka ukumbini, tuwafundishe kwamba mfalme mwema ni bahati, na bahati hairithiwi. Haki iliyoandikwa na kulindwa na wengi ndiyo urithi.

Mzee wetu aliuliza swali sahihi. Kila msomaji na alibebe hadi ufuoni kwake, kanisani kwake na kituoni kwake pa kupigia kura.