Moto: Tuibadilishe ao Tuiache Vile Ilitoka mu Karto?



Asubuhi saa kumi na mbili, simama pa njia ya Mutoshi. Posti ya usiku inatoka, posti ya muchana inaingia, vumbi inapanda. Angalia moto zenye kupita. Ni nguvu kuona TVS ao Boxer yenye kubakia vile ilitoka mu karto. Hii wamepandisha gido, ile wamekata eshapma ipige kelele, ingine iko na taa za rangi sawa vile bare ya Manika. Na nyingi ziko na chuma kimeongezwa nyuma, juu ya kubeba muzigo.

Mu kantini kila siku ni mabishano. Bamoja banasema: moto ni yangu, niliilipa na jasho yangu, nitaifanya vile ninapenda. Bengine banasema: muzungu na muhindi benye kuitengeneza balijua sababu ya kila bulo, usiiguse.

Hii tabia haikuanza leo. Gécamines ilipoanguka miaka ya 1990, na nyuma bakrezeri bakaingia mu makarieri, mifuko ya mawe ilibebwa pa kinga. Kinga ya duka haikuweza ile muzigo. Fundi alisude vyuma pa forko, akafunga cadre na fimbo za chuma. Marekani, nyuma ya vita yenye kuisha 1945, vijana walitoa vyuma pa moto kubwa za Harley-Davidson ili ziwe nyepesi, zikimbie. Bale balipunguza juu ya furaha ya siku ya yenga. Sisi tuliongeza juu ya bukari. Kwa hiyo mimi sitacheka mutu mwenye kubadilisha moto yake.

Lakini tuseme ukweli. Moto ndogo ilipimwa kwa batu babili. Ukirefusha nyuma na kuweka uzito pa ncha, gurudumu la mbele linakuwa nyepesi, gido haisikie tena. Freni ni ile ile, lakini muzigo ni mara mbili: utasimama mbali sana na pale ulitaka. Na chuma chenye kuchomwa na moto ya kusude, pembeni ya pale pa kusude, kinapoteza nguvu. Kwa macho ni kizuri, ndani kimechoka. Taa za kuzidi nazo zinakula batri na kuchoma nyaya.

Ndugu mumoja wa posti yetu alirefusha nyuma ya moto yake juu bibi yake anauzisha makala. Siku moja, kisha posti ya usiku, alibeba bakamaradi babili. Pa mutelemko, pale paliposudiwa pakavunjika. Babili bakaumia kidogo, yeye akavunjika muguu. Tukaenda kwa mwajiri wake, kampuni moja ya sous-traitance, jina ninaacha. Balituambia: moto haiko tena ya asili, basi kosa ni yake, hatuandike kitu.

Hapo njo tulikataa. Sheria namba 16/009 ya 15 julai 2016, yenye kuongoza CNSS, inahesabu ajali ya njiani, kati ya nyumba na kazi, kuwa ajali ya kazi, hata kama mutumikaji alikosa. Ile yenye inaweza kukuharibia ni kugeuka njia juu ya mambo yako mwenyewe. Sheria haiulize moto iko na rangi gani. Tulirudi mara tatu, siku ya tatu bakaandika.

Sasa mawazo yangu ni haya. Yenye kuongeza usalama, fanya bila haya: amortiseri ya nguvu, chuma cha kulinda miguu, meno makubwa ya nyuma pa munyororo kama unapanda milima kila siku (utapoteza mbio, utapata nguvu), pine mupya mbele ya rangi mupya. Yenye kugusa cadre, freni na forko, acha vile ilitoka mu karto. Eshapma ya kelele, fikiria mama mwenye kulalisha mutoto Kapata saa kenda ya usiku. Na retro usizitoe. Hazina uzuri, lakini zinaona lori ya minere yenye kuja nyuma yako.

Lakini bandugu, tusijidanganye. Kwa nini batu batatu pa moto moja kisha masaa kumi na mbili ya kazi? Juu bisi ya kampuni inabeba bale ba kontra ya kampuni, na ba sous-traitance banabakia pa barabara. Tuko tunabishana juu ya vyuma, na mwenye kupaswa kutubeba anasikiliza na kunyamaza.

Kwa hiyo tunaomba delege wote: pa mazungumuzo yenye kuja, bisi ya batumikaji wote iwe pa mustari wa kwanza, mbele hata ya prime. Na wewe, ukiumia njiani, tafuta delege siku ile ile, na bashahidi babili. Usikubali bakuambie eti ni kosa ya moto.

Moto ikiharibika, tutasude. Mugongo wa mutu, hakuna fundi wa kuusude.