Kiumbe Aliyepewa Jina la Taka Zetu



Katika kitabu cha Mwanzo tunasimuliwa jinsi Mungu alivyowaleta wanyama mbele ya Adamu, ili aone atawaitaje. Kazi ile haijakwisha. Hadi leo wapo wataalamu wanaotafuta viumbe wasiojulikana bado, wakawaeleza na kuwapa majina. Juma hili tumependa kutafakari pamoja nanyi juu ya jina moja lililotolewa mwaka 2020, kwa maana tunaamini kwamba linatuhusu sote, hata sisi tunaoishi mbali na bahari.

Kiumbe mwenyewe ni mdogo, wa sentimita chache tu, wa ukoo mmoja na kamba na kaa, katika kundi ambalo wataalamu huliita amfipodi. Makao yake ni Handaki la Mariana, bonde lililo chini ya Bahari ya Pasifiki, ambalo penye kina kikubwa kabisa hufikia karibu kilomita 11. Yeye alipatikana kati ya mita 6,010 na mita 6,949, mahali ambapo nuru ya jua haifiki kamwe. Jamii yake hula mizoga inayozama kutoka juu. Tungeweza kusema kwamba ni wafagiaji wa sakafu ya bahari. Mwaka 2014 watafiti waliteremsha mitego yenye chambo, mfano wa madema ya wavuvi wa pwani yetu, wakawanasa.

Lakini kumnasa kiumbe si kumtambua. Jamaa yake wa karibu, Eurythenes gryllus, alipewa jina mwaka 1822, na kwa muda mrefu wanyama wengi wa namna hiyo kutoka bahari mbalimbali walihesabiwa kuwa ni yeye. Baadaye uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba chini ya jina lile moja walikuwa wamejificha wengi. Kwa hiyo Johanna Weston, akiwa Chuo Kikuu cha Newcastle nchini Uingereza, pamoja na wenzake, iliwabidi kumtazama mnyama huyu kiungo kwa kiungo: taya, vipapasio, miguu ya kushikia, pingili za mgongo, mkia. Walichora, wakapima, wakalinganisha, wakasoma na vinasaba vyake. Katika kazi ya namna hii mnyama mmoja huteuliwa kuwa kielelezo cha spishi nzima, naye huhifadhiwa, ili yeyote atakayetilia shaka aweze kurudi kumtazama. Mwisho maelezo huchapishwa, kwa maana jina lisilochapishwa halitambuliwi. Maelezo haya yalichapishwa mwezi Machi 2020 katika jarida la Zootaxa.

Katika kazi hiyo, ndani ya utumbo wa mmoja wa wanyama hao ulionekana unyuzi usiofika urefu wa milimita moja. Ulipopimwa, ulifanana kwa asilimia 83.74 na polietilini tereftalati, yaani plastiki ile ile inayotengenezewa chupa za maji na nguo za poliesta. Watafiti wakamwita Eurythenes plasticus. Wala hilo halikuwa tukio la pekee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikuwa umechunguza amfipodi 90 kutoka mahandaki sita ya Pasifiki, na zaidi ya asilimia 70 kati yao walikutwa na angalau chembe au unyuzi mmoja wa aina hiyo matumboni.

Yawezekana msomaji akauliza: je, ni haki kumbebesha kiumbe asiye na kosa jina la uchafu wa wengine? Kwa kanuni za kimataifa za kuwataja wanyama, jina lililokwisha kutolewa kihalali haliondolewi kwa sababu tu halipendezi. Hata kama siku moja bahari ingetakaswa, yeye ataendelea kuitwa hivyo.

Swali hili tumelifikiri kwa uzito, na jibu letu tumelipata hapa hapa nyumbani. Nani kati yetu hamjui mtu aitwaye Shida, au Tabu, au Masumbuko? Mtoto yule hakuwa yeye shida. Jina lake lilieleza hali ya wazazi wake siku aliyozaliwa, na kila anapoitwa, hali ile inakumbukwa. Ndivyo ilivyo kwa kiumbe huyu. Jina lake linaeleza hali ya ulimwengu alioukuta siku alipojulikana, na ulimwengu ule tumeutengeneza sisi. Kwa hiyo tunadiriki kusema kwamba watafiti walitenda vema. Sisi Wakatoliki tunafahamu kwamba atubuye hutaja dhambi yake kwa jina; asiyependa kuitaja hajaanza kuiacha.

Hata hivyo, baada ya maungamo huja malipizi, na hapo ndipo tunapojiona tumepungukiwa. Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, kama Kenya ilivyofanya mwaka 2017 na Rwanda mwaka 2008. Hatua hizo tunazipongeza. Lakini plastiki iliyotajwa katika habari hii si ya mifuko. Ni ya chupa na ya nguo. Unyuzi ule haukuandikwa jina la mwenyewe, wala hakuna awezaye kusema ulitoka pwani gani. Kwa sababu hiyo hiyo hakuna awezaye kusema kwa hakika kwamba haukutoka kwake.

Tuseme ukweli wetu. Katika sikukuu ya somo wa parokia yetu tuligawa maji ya chupa kwa waamini wote. Jioni tulizikusanya chupa, tukazirundika nyuma ya ukumbi, tukaahidi kuzishughulikia kesho yake. Mvua ilitutangulia, nazo zikashuka korongoni. Makorongo huingia mitoni, na mito huenda baharini. Hatumlaumu mtu, sisi wenyewe tuliona, tukanyamaza.

Wenzetu walimtazama kwa makini mdudu wa gizani ambaye karibu hakuna binadamu atakayemwona akiwa hai. Sisi tunashindwa kuitazama chupa tuliyoishika mkononi kwa dakika kumi, tukajiuliza inakwenda wapi. Tutaambiwa kwamba maji ya chupa ni salama, nasi hatuwezi kupuuza hofu ya kipindupindu. Lakini maji yaliyochemshwa vizuri, yakawekwa katika ndoo safi yenye mfuniko na bomba, nayo ni salama. Kinachodaiwa ni watu wa kuchemsha na wa kuosha vikombe. Tunaomba jumuiya ndogo ndogo zilizungumze jambo hili kabla ya sikukuu ijayo, na sisi mapadre tuwe wa kwanza kuingia zamu ya kuosha vikombe.

Mungu awabariki nyote.