Acheni kuficha jedwali la tatu

Wadau, leo siasa zipumzike. Nina ugomvi na nyie mnaotengeneza tovuti, hasa mnaotumia Django. Ile ManyToManyField mnayoipenda inawafanya wavivu, na wanaolipia uvivu huo ni watu kama mimi.

Kwa wasiojua tunagombea nini: habari moja inaweza kuandikwa na waandishi wengi, na mwandishi mmoja huandika habari nyingi. Hifadhidata haiwezi kuliweka hilo vizuri kwenye majedwali mawili tu. Lazima liwepo la tatu, la kuwaunganisha. Django inakutengenezea kimyakimya. Unaandika mstari mmoja, unaenda kunywa chai.

Sasa lifungue hilo jedwali uone kilichomo. Namba ya rekodi, namba ya habari, namba ya mwandishi. Basi! Nani aliandika na nani alipiga picha? Hakuna. Jina la nani litangulie? Hakuna. Nani aliongezwa lini? Hakuna.

Mimi yamenikuta. Nilikwenda kwenye tukio, nikaandika na kupiga picha mwenyewe. Kwenye tovuti ya gazeti, ambalo silitaji, jina langu likatokea mara moja tu, chini ya mtu aliyeongeza aya mbili akiwa ofisini. Nikauliza. Fundi akanijibu, "Mfumo ndivyo ulivyo." Mfumo gani? Jedwali hilo la bure halikubali jozi ileile ya habari na mwandishi iingie mara mbili. Ukimwongeza mtu tena kama mpiga picha, Django inanyamaza kama haijasikia. Na kwa kuwa mpangilio wa majina haukuhifadhiwa popote, fundi aliyapanga kwa alfabeti.

Mtasema nalilia sifa. Sawa, nalilia. Lakini siku barua ya mwanasheria ikifika, swali la kwanza litakuwa: aya hii kaandika nani? Jedwali lenu litajibu: wote wawili.

Kinachouma zaidi ni kwamba Django ilizaliwa kwenye gazeti. Adrian Holovaty na Simon Willison waliianza mwaka 2003 wakiwa Lawrence Journal-World, Kansas, Marekani, na ikatolewa kwa umma mwaka 2005. Na dawa ipo siku nyingi. Tangu toleo la 1.0 la mwaka 2008 unaweza kuandika modeli yako ya kati na kuitaja kwa through, ukaweka humo jukumu, nafasi ya jina na tarehe. Wenzenu wa Rails wana has_many :through tangu mwaka 2006.

Najua jibu lenu: "Tuanze na rahisi, tukihitaji tutaongeza." Haya, jaribuni. Ukitaka kuongeza through kwenye uhusiano ambao tayari una jedwali lake, Django inagoma kukubadilishia. Itabidi uandike hatua za kuhamisha mwenyewe. Hata ukihamisha salama, majukumu ya miaka mitatu iliyopita utayatoa wapi? Kisichohifadhiwa hakihamishwi. Na kile kisingizio kwamba add haifanyi kazi ukitumia through kilikufa mwaka 2019, toleo la 2.2 lilipotoka.

Kwa lebo za mada, "michezo", "uchumi", tumieni njia ya mkato, sina neno. Lakini palipo na mtu na kazi yake, uhusiano wenyewe ni kitu kamili, chenye tarehe na majukumu. Kiswahili kimeshakipa jina bila kusubiri fundi: kati ya mwanachama na chama kuna uanachama, kati ya mwandishi na habari kuna uandishi. Kitu chenye jina lake kinakosaje jedwali lake?

Liandikeni siku ya kwanza, mistari kumi tu. Anayebisha aje na hoja, siyo "mfumo ndivyo ulivyo".